Maumbile au Mapatano: Uiegemeze Wapi Hoja Yako ya Siasa?

Mtu akiulizwa kwa nini aitii sheria fulani, jibu la kwanza ni jepesi: imepitishwa na Bunge. Akiulizwa kwa nini Bunge litiiwe, atasema katiba imelipa mamlaka. Swali la tatu, kwa nini katiba yenyewe ifuatwe, ndilo linalowagawa watu. Wapo watakaojibu kwamba inalinda mambo ambayo binadamu anayo kwa kuumbwa kwake, katiba iwepo isiwepo. Na wapo watakaojibu kwamba tumekubaliana hivyo, na nyuma ya makubaliano hayo hakuna kitu kingine.

Hapo ndipo wanapokwama wengi: mwanafunzi mwenye insha ya falsafa ya siasa, mwalimu wa uraia, mwanasheria anayeandaa hoja ya katiba, mwanaharakati anayetaka kueleza kwa nini sheria halali bado ni dhuluma. Kila upande una hoja nzito na aibu zake za kihistoria. Kila upande pia ukiulizwa swali lisilo lake hutoa jibu la ovyo. Kwa hiyo kuchagua vizuri ni kujua kwanza unataka msingi wako ujibu swali gani.

Mjadala huu ulipamba moto Athens katika karne ya 5 KK. Wasofisti, walimu waliokwenda mji hadi mji wakifundisha kwa malipo, waliona kwamba kila mji una sheria zake na kila mji unaamini zake ndizo za haki. Wakauliza: katika haya yote, ni yapi yapo yenyewe kama moto unavyounguza, na ni yapi tumeyaweka sisi? Upo msingi mwingine, wa amri ya Mungu, ambao nauacha nje kwa makusudi. Huo una mabishano yake yenyewe, kama yale ya Mu'tazila na Ash'ari, makundi mawili ya wanateolojia wa Kiislamu, juu ya iwapo akili pekee yaweza kujua jema na baya.

Pande mbili, kila mmoja na matawi yake

Upande wa maumbile unasema hivi: kuna ukweli kuhusu binadamu ni kiumbe wa namna gani, na kutokana na ukweli huo yapo mema na mabaya ambayo hakuna bunge linaloyaumba wala kuyafuta. Lakini ndani yake mna makundi mawili, na kuyachanganya ndiyo kasoro inayoharibu insha nyingi. Kundi la kwanza, la Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na baadaye Thomas Aquinas (Wakatoliki wengi wa kwetu wanamjua kwa jina la Thoma wa Akwino), hutazama mwisho: binadamu aliyekomaa kikamilifu anakuwaje, na anahitaji nini kufika huko? Kwa Aristotle, dola ni kitu cha maumbile kwa sababu bila hiyo mtu hawezi kukomaa. Anaona ushahidi katika lugha: wanyama wana sauti ya kuonyesha maumivu na raha, bali binadamu ana maneno ya kujadili haki na dhuluma. Kundi la pili hutazama mwanzo: binadamu alikuwaje kabla ya serikali? John Locke, mwaka 1689, alisema hata pale mtu alikuwa na haki ya uhai, uhuru na mali. Kwake yeye haki ni za maumbile, serikali ni ya kutengenezwa.

Upande wa mapatano unasema kwamba haki katika siasa ni kazi ya watu. Nao una matawi mawili. Thomas Hobbes mwaka 1651, vita vya wenyewe kwa wenyewe Uingereza vikielekea mwisho, na Jean-Jacques Rousseau mwaka 1762, walizungumzia mkataba: watu wanaahidiana, na kutokana na ahadi hiyo inazaliwa mamlaka. David Hume hakuhitaji ahadi yoyote. Mfano wake ni wa watu wawili wanaopiga makasia katika mtumbwi mmoja: hawajaapishana, ila kila mmoja anaona faida ya kwenda sawa na mwenzake, na mazoea yanakuwa kanuni. Hume aliongeza jambo ambalo wengi hulisahau, kwamba kanuni za haki ni za kutengenezwa lakini si za kiholela. Mali, ahadi na utii kwa serikali vimetengenezwa na watu kwa sababu mahitaji yao yaliwasukuma huko.

Kabla ya kulinganisha, ondoa dhana moja. Maumbile si upande wa wahafidhina, wala mapatano si upande wa "lolote laruhusiwa". Callicles, mhusika katika maandishi ya mwanafalsafa Plato, anadai maumbile yanaonyesha mwenye nguvu apate zaidi ya mnyonge. Antiphon, naye wa karne hiyohiyo, anadai maumbile yanaonyesha Mgiriki na asiye Mgiriki ni sawa, kwani wote tunavuta hewa kwa mdomo na pua. Wamesimama mahali pamoja na wakaishia pande zinazopingana. Kadhalika mkataba wa Hobbes ulimpa mtawala karibu kila kitu, wa Rousseau ukawaachia wananchi wenyewe. Kujua msingi wa mtu hakukuambii atafika wapi.

Vigezo vitano

Pima kila msingi kwa maswali haya. Je, unaweza kuihukumu sheria iliyopo? Unaeleza kwa nini huyu atawale na si yule? Unaweza kukata viwango, yaani umri, muda, idadi ya kura? Ukitumiwa vibaya, unamuumiza nani na kwa njia gani? Na je, unamgusa mtu asiyeshiriki imani yako? Kigezo cha kwanza na cha nne ndivyo vyenye uzito mkubwa zaidi, na huko ndiko tutakakokaa.

Kuihukumu sheria iliyopo

Hapa maumbile yana nguvu ya wazi. Aristotle mwenyewe anaripoti kwamba katika zama zake walikuwepo waliosema utumwa upo kwa sheria tu, si kwa maumbile, na kwa hiyo ni dhuluma. Wanasheria wa Roma walifika karibu na hapo: mkusanyo wa sheria wa Justinian wa mwaka 533 unaueleza utumwa kuwa taasisi ya sheria ya mataifa ambayo kwayo mtu huwekwa chini ya umiliki wa mwingine kinyume cha maumbile. Tazama lakini kilichofuata: waliandika hivyo, na utumwa ukaendelea. Msingi wa maumbile ulitoa hukumu, ila haukuwa na mkono wa kuitekeleza.

Chukua kesi ya karibu zaidi. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa 1873, na Aprili 1897 amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ikafuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Mtumwa hakuachwa huru papo hapo. Ilimbidi aende mahakamani kuomba, na mmiliki aliyethibitisha umiliki alilipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Sasa uliza: mwaka 1896 kulikuwa na dhuluma? Mtu wa maumbile anajibu ndiyo bila kusita, na swali lake linalofuata ni kali: kwa nini fidia ilikwenda kwa mmiliki na si kwa aliyefanyishwa kazi maisha yake yote? Mtu wa mapatano wa aina nyepesi anabanwa. Kwake umiliki uliotambuliwa na sheria ni umiliki, ukiuondoa inabidi ulipe, na hiyo ndiyo mantiki iliyofuatwa.

Ila upande wa mapatano haujaishiwa. Una majibu mawili yanayostahili kuheshimiwa. La kwanza ni la Rousseau: mapatano ya mtu kujifanya mtumwa ni batili kama mapatano, kwa kuwa upande mmoja unatoa kila kitu na haupokei chochote. Hapa sheria mbaya inahukumiwa kwa kanuni za kupatana kwenyewe, bila kugusa maumbile. La pili ni la Jeremy Bentham na wafuasi wake: tenganisha swali "sheria inasema nini?" na swali "sheria ni njema?" Ukiyatenganisha unaweza kusema kwa uwazi, "hii ni sheria, ni ya kinyama, na siitii," badala ya kubishana iwapo jambo ovu linaweza kuitwa sheria. Wanaopambana na sheria mbaya mahakamani mara nyingi hunufaika na uwazi huo, maana hakimu anataka kwanza kujua sheria inasemaje.

Hata hivyo, kwa anayesimama nje ya mapatano yote, ambaye hakuulizwa wala hakuhesabiwa, sauti ya maumbile bado ndiyo inayofika mbali.

Kwa nini huyu atawale

Mapatano yanashinda hapa kwa urahisi. Kutoka "baadhi ya watu wana busara kuliko wengine" huwezi kufika "kwa hiyo huyu ndiye mtawala" bila mtu wa kuamua nani mwenye busara, na uamuzi huo tayari ni mapatano. Waliojaribu kumfanya mfalme kuwa baba wa taifa kwa maumbile walivunjwa na Locke kwa swali dogo: kama mamlaka ni ya baba, ni nani kati ya wana wote wa Adamu ndiye mrithi? Upande wa maumbile unachoweza kusema vizuri ni kwamba lazima pawepo na mamlaka ya aina fulani. Nani, kwa muda gani, na anaondolewaje, hilo linahitaji watu kukubaliana.

Kukata viwango

Aristotle alitoa mifano isiyozeeka: kumkomboa mateka kwa mina moja (kipimo cha fedha cha Wagiriki), au kutoa kafara ya mbuzi mmoja na si kondoo wawili, ni mambo ambayo mwanzoni yangeweza kuwa hivi au vile, lakini yakishawekwa yanakuwa na uzito. Siasa ya sasa imejaa mambo ya namna hiyo. Kenya, kwa katiba ya 2010, rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Tanzania nayo iliacha sharti la kupata zaidi ya nusu kwa marekebisho ya mwaka 2000. Anayeongoza kwa kura ndiye mshindi. Ni nchi jirani, cheo kilekile, kanuni mbili. Ukijaribu kuthibitisha kwamba moja ni ya maumbile na nyingine ni ukiukaji wake, utaishia kubuni.

Kosa linalojirudia ni la mtu kusema "miaka 18 ni umri wa utu uzima wa maumbile". Maumbile yanasema mtoto hana uwezo wa mtu mzima, na hapo yanakoma. Namba 18 ni ya mapatano. Anayechanganya haya mawili hupoteza hoja nzuri kwa kuitetea namba badala ya kuitetea sababu iliyo nyuma yake.

Ukitumiwa vibaya, nani anaumia

Kila msingi una ugonjwa wake, na magonjwa hayo hayafanani.

Ugonjwa wa maumbile ni msomaji. Maumbile hayasemi, kuna mtu anayedai kuyasoma, na mara nyingi anasoma kile kinachomfaa. Aristotle, baada ya kuripoti wapinzani wa utumwa kwa uaminifu, aliendelea kutetea kwamba wapo watu ambao kwa maumbile ni watumwa, na kwamba mwanamume kwa maumbile anafaa kuongoza kuliko mwanamke. Mwaka 416 KK Waathens waliuzingira mji wa kisiwa cha Melos. Katika mazungumzo aliyoyaandika mwanahistoria Thucydides, wajumbe wao wanasema kwamba kutawala kila unapoweza ni sheria ya maumbile, hawakuitunga wao, waliikuta. Mji ulipoanguka waliwaua wanaume na kuwauza wanawake na watoto. "Mwenye nguvu mpishe" ni onyo kwa mnyonge. Wao waliigeuza kuwa haki ya mwenye nguvu.

Chanzo cha ugonjwa huu kinajulikana. Mtu anaona jambo lililozoeleka, kisha anatoka kwenye "ndivyo ilivyo" hadi "ndivyo inavyopaswa kuwa" bila kuweka hatua ya katikati. Hume alilionyesha pengo hilo mwaka 1740, na tangu hapo kila hoja ya maumbile inadaiwa daraja la kuvukia. Watetezi wa kundi la Aristotle wanasema daraja lipo: mahitaji ya kiumbe yanaonyesha lipi ni jema kwake. Ni jibu zito, lakini linatenda kazi pale tu mahitaji yenyewe yanapothibitishwa bila upendeleo.

Ugonjwa wa mapatano ni meza. Nani alikaa, nani aliachwa nje? Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 ilimhesabu kila mtumwa kuwa sehemu tatu kati ya tano za mtu, ili kugawa viti vya wawakilishi, na watumwa wenyewe hawakuulizwa. Watoto, wasiozaliwa bado, wageni, watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, wote hawana sauti pale ridhaa inapohesabiwa. Halafu kuna suala la ridhaa ya kimya. Locke alisema anayefaidi nchi, hata kwa kupita tu katika barabara zake, ameridhia sheria zake kimyakimya. Hume alimjibu mwaka 1748 kwa ukali unaostahili: utasemaje kwamba mkulima au fundi maskini, asiyejua lugha wala desturi za ng'ambo na anayeishi kwa kipato cha siku hadi siku, ana hiari ya kuondoka nchini? Ni sawa na kusema mtu aliyebebwa melini akiwa usingizini ameukubali utawala wa nahodha kwa kuwa hajajirusha baharini.

Kuna na udhaifu mwingine wa mapatano ambao Plato aliuweka mdomoni mwa Glaucon, mhusika katika kitabu chake. Kama haki ni mapatano tu ya watu wasioweza kudhulumu bila kudhulumiwa, basi mwenye pete ya kumfanya asionekane ana sababu gani ya kutenda haki? Hobbes alijaribu kuuziba kwa mtawala mwenye upanga, Hume kwa mazoea na heshima ya jina. Hakuna kati yao aliyemziba mdomo mtu mwenye uhakika wa kutokamatwa, na yeyote anayefikiria ufisadi ataona kwamba pengo hili si la kwenye vitabu pekee.

Kumgusa asiye wa imani yako

Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba Dario, mfalme wa Uajemi, aliwauliza Wagiriki kwa fedha gani wangekubali kuwala baba zao waliokufa, wakasema hakuna. Akawauliza Wakallatia wa India, ambao hula maiti za baba zao, kwa fedha gani wangewachoma moto. Wakapiga kelele asitamke jambo hilo. Wengi huisoma hadithi hii kama ushindi wa mapatano: desturi ndiyo mfalme. Isome tena. Wote wawili walikataa kumvunjia heshima mzazi aliyekufa. Namna ya kumheshimu ni ya mapatano. Kumheshimu kwenyewe kunaonekana kuwa na mzizi mrefu zaidi. Mfano mmoja, ushahidi wa pande mbili.

Katika siasa ya kimataifa, jambo hili lilijitokeza waziwazi wakati wa kuandika Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48, hakuna aliyepinga, nchi 8 zikijizuia. Rasimu ya kifungu cha kwanza ilisema binadamu wamejaliwa akili na dhamiri "kwa maumbile". Wengine walitaka Mungu atajwe. Mwishowe maneno ya maumbile yaliondolewa, na Mungu hakutajwa. Wakapatana juu ya haki zenyewe wakiacha swali la chanzo chake. Anayetaka watu wa dini na itikadi tofauti wasaini hati moja ajifunze hapo.

Je, vyote viwili kwa pamoja?

Katiba nyingi hufanya hivyo, nazo zetu zimo. Katiba ya Tanzania inaanza na wananchi walioamua "rasmi na kwa dhati" kujenga jamii ya uhuru, haki, udugu na amani: hayo ni mapatano. Kisha ibara ya 12 inasema "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa": hapo tumeingia kwenye maumbile. Kenya, wananchi wanajipa katiba wenyewe katika utangulizi, halafu ibara ya 19 inasema haki ni za kila mtu na hazikutolewa na Serikali.

Njia safi zaidi ya kuunganisha ni ya Aquinas. Sheria ya binadamu, alisema, hutoka kwenye maumbile kwa njia mbili. Nyingine hutoka kama hitimisho: usimdhuru mtu, kwa hiyo usiue. Nyingine hutoka kama ukamilishaji: maumbile yanataka mkosaji aadhibiwe, lakini adhabu ya kiasi gani, hilo wanaamua watu. Aina ya kwanza ina nguvu ya maumbile yenyewe. Ya pili ina nguvu ya sheria iliyotungwa tu. Ukijifunza kuipanga kila kanuni katika fungu lake, nusu ya mabishano yanakwisha.

Lakini mshono unavuja mahali fulani. Kwa ibara ya 255 ya katiba ya Kenya, Sheria ya Haki, yaani sura inayoorodhesha haki hizo, inaweza kubadilishwa kwa kura ya maoni: angalau asilimia 20 ya wapigakura walioandikishwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti, na wengi wa waliopiga kura wakubali. Haki ambazo Serikali haikuzitoa zaweza basi kupunguzwa na kura. Tanzania nayo ilikaa tangu uhuru mwaka 1961 bila orodha ya haki ndani ya katiba. Iliingizwa kwa marekebisho ya 1984, na mahakama zikaanza kuitumia kupima sheria mwaka 1988. Je, kabla ya hapo raia hakuwa na haki hizo, au alikuwa nazo bila mahali pa kuzidai? Jibu utakalolipa swali hili litakuonyesha umesimama upande gani, hata kama ulidhani uko katikati.

Namna ya kuijenga hoja, na inapovunjika

Hoja ya maumbile ina hatua nne, na zote ziandikwe. Kwanza taja jambo kuhusu binadamu linaloweza kukaguliwa, kwa mfano kwamba kila mtoto huhitaji malezi ya miaka mingi. Pili eleza kwa nini jambo hilo ni la binadamu wote, si la watu wa mji wako. Tatu weka daraja: kwa nini hitaji hilo linazaa wajibu, na wajibu wa nani. Nne shuka hadi kwenye sheria unayoipima. Nyingi huvunjika hatua ya pili, pale desturi ya kizazi kimoja inapovikwa joho la maumbile, au ya tatu, inayorukwa kabisa. Jaribio la haraka: geuza hoja yako imtetee adui yako. Ikimtetea vilevile bila kubadilishwa neno, hatua ya pili ni mbovu.

Hoja ya mapatano nayo inadai majibu matano. Nani ni wahusika? Hali yao bila mapatano ingekuwaje? Ridhaa ni ya aina gani: ya wazi, ya kimya, au ya kufikirika tu, yaani ile ambayo watu wangeitoa kama wangekaa kwa usawa? Wamekubaliana nini hasa? Na yanabadilishwaje? Kosa kubwa ni kuanza na ridhaa ya wazi na kumaliza na ya kufikirika bila kumwambia msomaji. Ridhaa ya kufikirika, aliyoitumia John Rawls mwaka 1971, haimfungi mtu kama ahadi inavyomfunga. Inaonyesha tu kanuni ipi ni ya haki. Na hapo uliza kwa uaminifu: kinachofanya kazi ni mapatano, au ni usawa wa binadamu uliowekwa ndani ya masharti ya kukaa mezani? Ikiwa ni usawa huo, maumbile yameingia kwa mlango wa nyuma.

Uchague upi, kwa hali yako

Ikiwa unapinga sheria iliyopitishwa kihalali, na walioumizwa hawakuwa na sauti ilipotungwa, anza na maumbile, kisha uongeze hoja ya Rousseau kwamba mapatano ya upande mmoja ni batili. Hivyo hata msikilizaji asiyeamini maumbile atakuwa na pa kushika.

Ikiwa unaandika kanuni za chama, ushirika au baraza, tumia mapatano. Andika akidi, muda wa uongozi, na namna ya kubadili kanuni zenyewe. Usimwambie mwanachama kwamba theluthi mbili ni haki ya asili.

Ikiwa una hoja ya mahakamani, angalia kwanza maandishi ya katiba yamekupa nini. Pale yanaposema haki hazikutolewa na Serikali, una ruhusa ya kuzungumza lugha ya maumbile. Pale yanapotaja namba na utaratibu, kaa ndani ya mapatano.

Ikiwa unafundisha darasa la watu wa dini mbalimbali, waanzishe kwa hadithi ya Dario na Tamko la 1948, waache wabishane, na usiharakishe kuwapa upande.

Kwa insha ya chuo, swali likihusu uhalali wa serikali, mapatano yatakupa nyenzo nyingi zaidi, kuanzia Hobbes hadi Rawls, na Hume ndiye mpinzani wa ndani utakayelazimika kumjibu. Likihusu haki za binadamu au utumwa, chukua maumbile, lakini mkabili Aristotle wa utumwa mapema, katika ukurasa wa kwanza au wa pili, kabla msahihishaji hajakuuliza.

Na kama swali lako ni kwa nini mtu atende haki hata asipoonekana na yeyote, mapatano peke yake hayatakutosha. Soma Glaucon kwanza, halafu Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma, aliyesema sheria ya kweli ni akili nyofu inayopatana na maumbile, na upime kama jibu lake linamfikia yule mwenye pete.